Betri Ilikufa, Jirani Akalaumiwa

Sogeeni karibu, wa bara na wa kisiwani, maana yaliyotokea Kilindoni, kisiwani Mafia, kati ya nyumba mbili zinazotazamana yangeweza kutokea kwenye mtaa wowote wenye watu wanaopendana. Huenda wakati huu tunaozungumza yanatokea kwenu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Isdory na mkewe Cresensia. Isdory ni afisa kilimo, Cresensia ni muuguzi. Walihamishiwa Mafia mwaka uleule waliofunga ndoa. Siku walipoambiwa wanapelekwa kisiwani Cresensia alilia, lakini baada ya miezi michache alikuwa akijicheka mwenyewe, kwa jinsi kisiwa kilivyowapokea. Binti yao Tumaini alizaliwa hapohapo, na mpaka leo ukimuuliza kwao wapi, anakuambia Mafia bila kufikiri.

Nyumba ya pili, kuvuka kinjia cha mchanga, ilikuwa ya Bi Mwanahalima, mjane mzaliwa wa kisiwa jirani cha Juani. Wanawe walikuwa wameolewa na kuoa mbali. Asubuhi alikaanga vitumbua, mchana alikaa barazani akisuka ukili wa mikeka. Ni yeye aliyemkanda Cresensia kwa maji ya moto alipojifungua, kwa kuwa mama mzazi wa Cresensia alikuwa bara na hakuweza kufika. Ni yeye aliyebaki na Tumaini kila mama mtu alipokuwa zamu.

"Shikamoo Bi," Cresensia angesema alfajiri akiwa na mtoto mkononi.

"Marahaba mwanangu. Nipe mjukuu wangu, wewe kimbia kazini. Chai umekunywa?"

"Nitakunywa hukohuko."

"Hukohuko wapi? Kaa hapo umeze hata kitumbua kimoja. Wagonjwa hawatakufa kwa kitumbua kimoja."

Ndivyo walivyoishi. Kisha gari likaja.

Lilikuwa gari la mtumba kutoka Japani, lililoinuka kidogo kutoka chini, la gia za kujibadilisha zenyewe, na dashibodi yake ilikuwa na vitufe vingi kuliko simu. Lilivushwa kutoka Nyamisati, bara, kwa kivuko, na jioni ile mtaa mzima ulikuja kuliona. Bi Mwanahalima alilizunguka, akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza mtoto, akasema, "Mashallah. Mwenyezi Mungu awape kheri nalo." Isdory alicheka kwa furaha. Vitufe vile hakujua kazi yake, na kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kijapani, kwa hiyo akakitupia chini ya kiti na mambo yakaishia hapo. Gari liliwaka, lilikwenda, lilisimama. Mtu atake nini zaidi?

Jumamosi moja Isdory alikwenda Baleni kuchukua nazi alizoahidiwa na mkulima mmoja. Alimchukua Cresensia, na Bi Mwanahalima naye akaomba lifti ili akachukue miyaa ya kusukia mikeka. Safari ilikuwa nzuri. Walipoingia njia ya shambani, gari likazama kwenye mchanga. Isdory akakanyaga mafuta, matairi yakazunguka na kuchimba mashimo. Akaanza kubonyeza vitufe, hiki na kile, huku jasho linamtiririka. Kwenye kiti cha nyuma Bi Mwanahalima alifumba macho, midomo ikimchezacheza bila sauti. Mara gari likajivuta, likatoka taratibu.

"Alhamdulillah," alisema mama yule.

Shambani Isdory alilipakia gunia la nazi mwenyewe, akalisukuma ndani ya buti kwa goti mpaka likagota pembeni. Bi Mwanahalima akaweka furushi lake la miyaa juu. Wakarudi nyumbani wakiimba, yeye nyimbo za harusi za kwao, wao nyimbo za kwaya, kila mmoja akijaribu kuitikia za mwenzake.

Kumbukeni siku hiyo, maana ndiyo iliyokuja kutajwa baadaye, ikatajwa vibaya.

Jumapili walikwenda kanisani kwa miguu kama kawaida yao. Jumatatu asubuhi Isdory aliwasha gari, stata ikaguna kwa uchovu, taa za dashibodi zikafifia, ndipo injini ikakubali. Kesho yake likaguna tena. Halafu kikazuka kingine: gari lilikuwa zito. Kupanda kilima cha kutoka bandarini, ambacho zamani lilikipanda bila kujali, sasa lilipanda likijikokota, na bajaji zikawa zinalipita.

Wakamwita Kheri, fundi wa umeme wa magari. Kheri alikuwa na haraka siku hiyo, magari mengine yalimsubiri. Alitazama betri, akaona imechoka na imetoka nalo Japani, akasema, "Hii imekwisha. Nunueni mpya." Isdory akaagiza Dar es Salaam, ikaletwa, ikafungwa. Kwa siku kadhaa gari liliwaka kwa mlio mmoja tu. Wiki iliyofuata stata ikaanza kuguna upya.

Hapo ndipo Cresensia alipolisimulia jambo hilo kazini, kwa mwenzake aitwaye Devotha, naye mtu wa bara.

"Betri mpya?" Devotha aliuliza. "Na gari limekuwa zito ghafla?"

"Ghafla kabisa."

"Tangu lini?"

Cresensia alifikiri. Yeye kila siku huwauliza wagonjwa swali hilohilo. "Tangu tulipokwenda Baleni. Tulikuwa na Bi Mwanahalima."

Devotha akashusha sauti. "Mama Tumaini, hawa watu wa visiwani wewe unawachukulia poa. Alifanya nini ndani ya gari?"

"Hakufanya kitu. Tulipokwama alikuwa anaomba dua tu."

"Wewe ulimsikia anachoomba?"

Kwa kweli hakumsikia, maana aliona midomo tu. Cresensia alitaka kumkemea mwenzake, lakini neno halikutoka, na neno lisipotoka kwa wakati wake, jingine huingia na kukaa. Jioni ile alipomchukua Tumaini, alimtazama Bi Mwanahalima kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. Aliona kwamba mama yule alikuwa akilitazama gari. Ndugu zangu, lilikuwa mbele ya baraza yake, angetazama wapi?

Nyumbani alimweleza mumewe.

"Aah, Mama Tumaini," Isdory alisema, akageukia simu yake.

"Sasa wewe unasemaje?"

"Nasemaje? Sijui. Gari lina shida, hiyo ndiyo ninayoijua."

Hakukubali wala hakukanusha. Angesema kwa uthabiti, "Mama yule amemlea mtoto wetu, tusimdhanie hivyo," pengine yangeishia chumbani. Alinyamaza, na kunyamaza kwake mkewe alikuhesabu kama kukubali. Tangu wiki hiyo Tumaini akaanza kupelekwa kwa jirani mwingine. Bi Mwanahalima alipouliza, aliambiwa, "Tumebadilisha utaratibu tu, Bi." Akaitikia haya, akaendelea kusuka.

Kisha Isdory akasafiri kikazi kwenda Dar es Salaam. Gari likabaki limelala mlangoni siku kadhaa.

Siku moja mchana, Cresensia akiwa mapumzikoni, Tumaini alibanwa na pumu. Alikuwa na pumu ya mara mojamoja, lakini siku hiyo ilimkaba vibaya, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi, na kipulizo chake kilikuwa kimekwisha dawa. Cresensia aliyekuwa amewahi kuwatuliza akina mama wengi waliopagawa, siku hiyo alipagawa yeye. Alimlaza mtoto kwenye kiti cha gari, akazungusha ufunguo. Tik, tik, tik. Hata kuguna hakukuwapo tena. Vijana waliopita walilisukuma, wakalikimbiza mpaka kwenye kona na kurudi, mpaka mzee mmoja akawaambia waache, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa.

Bi Mwanahalima alitokea mbio, peku, mtandio umemdondoka begani. Alikuwa amekwenda mpaka barabara kuu na kurudi na bajaji. Akamnyanyua Tumaini kutoka kwenye kiti, akimsomea sikioni huku akikimbilia naye kwenye bajaji. Cresensia alipoiona ile midomo ikicheza, yale yote aliyoyaweka moyoni yakafumuka.

"Usimguse mwanangu!" alipiga kelele, akampokonya mtoto. "Gari umeshaliua, sasa unataka na mtoto? Mchawi wewe!"

Kinjia chote kikageuka kutazama. Wale vijana waliokuwa wakihema kwa kusukuma waliacha kuhema. Bi Mwanahalima alibaki amenyoosha mikono yake mitupu. Kisha, na hili wengi waliokuwapo hulisimulia, alimgeukia dereva wa bajaji akamwambia, "Kimbiza baba, kimbiza, mtoto amebanwa."

Hospitali Tumaini alivutishwa dawa ya mvuke, akatulia, na jioni aliomba juisi. Alipona vizuri.

Neno lililotamkwa pale njiani, hata hivyo, halikulazwa hospitali. Lilitembea. Devotha alilisikia na kulipamba. Sokoni likaongezewa kwamba kuku wa fulani walikufa, na kwamba kuna mtu alimwona Bi Mwanahalima akilizunguka gari alfajiri, ilhali alfajiri yule mama hutoka kwenda kuteka maji. Beseni la vitumbua likaanza kurudi ndani limejaa. Watoto waliokuwa wakimkimbilia wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Mama mmoja aliyeagiza mkeka wa harusi akatuma ujumbe kwamba ameghairi.

Cresensia aliyaona haya yote kutoka dirishani. Usidhani alifurahi. Alikula bila hamu, na kila alipojaribu kujihakikishia kwamba alikuwa sahihi, alikumbuka mikono ileile ikimkanda kwa maji ya moto. Tumaini naye alimuuliza, "Mama, bibi amefanya nini?" Akamtuma mtoto yule wa miaka sita akalete maji.

Isdory aliporudi na kusikia yaliyotokea, alitoka akajaribu kuliwasha gari, likagoma. Halafu akampigia Kheri.

"Betri mpya imekufa," alisema.

"Mpya?" Kheri akashangaa. "Basi ugonjwa haukuwa betri peke yake. Nitaichaji usiku huu, Jumamosi nakuja nayo nilitazame gari lote, mara hii bila haraka."

Jumamosi asubuhi Kheri alikuja na mita yake ya kupimia umeme. Akaifunga betri, akawasha gari, akapima. "Altaneta inachaji vizuri," alisema. "Hiyo ndiyo mashine inayojaza betri wakati injini inazunguka. Ila nikuulize, unakwenda nalo wapi kila siku?"

"Ofisini na kurudi."

"Basi ni hapo na hapo. Stata inachota umeme mwingi mara moja, na safari yako inakwisha kabla altaneta haijaurudisha. Lakini hilo peke yake haliui betri mpya haraka namna hii. Kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limelala. Zimeni kila kitu, fungeni milango yote, maana mlango ukiwa wazi taa ya ndani inawaka na kunichanganya."

Cresensia alikuwa tayari ndani, kiti cha nyuma, akitafuta kiatu cha shule cha Tumaini kilichopotea. Akafunga mlango akaendelea kutafuta. Mbele, chini ya boneti, Kheri alichomoa waya mmoja wa betri, akaipachika mita katikati, akatazama.

"Unaona? Injini imezimwa, milango imefungwa, na bado umeme unatoka. Kidogo kidogo, lakini mchana na usiku haupumziki."

Isdory akainama kutazama. Kule nyuma Cresensia alipitisha mkono juu ya mgongo wa kiti, akauingiza chini ya lile pazia gumu linalofunika buti, akipapasa. Vidole vyake vikagusa plastiki ya moto.

Mkono wa muuguzi unajua joto. Aliurudisha tena, polepole, kama anavyouweka kwenye paji la uso la mtoto. Plastiki ilikuwa na joto kweli, ilhali gari lilikuwa limezimwa. Akanyanyua pazia. Taa ndogo ya buti ilikuwa inawaka, na mlango wa buti ulikuwa umefungwa kabisa. Pembeni mwa taa palikuwa na swichi ndogo iliyosukumwa upande mmoja. Akairudisha kwa kidole.

"Mita imeshuka!" Kheri alipiga kelele kutoka mbele. "Nani amefanya nini huko?"

Cresensia aliendelea kuitazama swichi. Isdory akaja nyuma, akafungua buti, akaitazama swichi, akatazama mkwaruzo mpana uliokuwa umeishia pale pale kwenye taa, na ndani ya mkwaruzo nyuzinyuzi za kumbi la nazi.

"Tukiwa tunafungua buti tunaiona inawaka, tunajua ndiyo kawaida yake," Kheri alisema. "Tukifunga, nani anaiona? Kwa taa hii na safari zako fupi, betri haiwezi kusalimika. Likilala siku mbili tatu, ndiyo basi."

"Gunia," Isdory alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi niliyelisukuma gunia. Kwa goti."

"Na uzito je?" Cresensia aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu anayeomba apewe hata kisingizio kimoja kibaki. "Kheri, gari lilikuwa zito. Tangu siku ileile."

Kheri aliunganisha betri, akaketi kwenye usukani, akawasha. Gari likaitika mara moja. Akatazama dashibodi, kisha akaonyesha maandishi ya rangi ya chungwa. SNOW.

"Hii mnaijua?"

"Nilidhani ni ya kiyoyozi," Isdory alisema.

Kheri alijizuia kucheka, akashindwa, akacheka. "Mzee, hii ni theluji. Wajapani wana theluji. Ukibonyeza hapa, gari linaondoka na gia ya pili, tena kwa upole, ili tairi lisiteleze. Kwenye mchanga inasaidia kidogo, kwa sababu tairi halichimbi. Lakini kitufe hiki ukikibonyeza kinabaki chini mpaka ukibonyeze tena. Umekuwa ukipanda kilima cha bandarini kama uko kwenye barafu." Akavionyesha na vingine. "Hiki cha ECO kinabana mafuta. Gari linaitikia polepole, lakini haliumwi. Hiki cha PWR kinalitoa nguvu zote, na mafuta yanakwenda. Safari zako za kila siku acha vyote, liende kawaida."

Akakibonyeza kile cha theluji. Maandishi yakatoweka. Kisha akashuka, akafuta mikono.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Siku ya kwanza nilitakiwa kuuliza kabla ya kusema nunueni. Betri ya zamani ilikuwa imezeeka kweli, lakini sikuuliza kwa nini imeamua kufa wiki ile."

Cresensia alikuwa bado amekaa kiti cha nyuma, mkono ukiwa mapajani. Dua ile shambani ilikuwa dua tu. Mama yule aliomba gari litoke, likatoka. Alitaka kushuka, avuke kinjia, apige hodi kabla miguu haijakataa.

Ndipo Tumaini alipotokea mlangoni. "Mama, bibi hayupo. Amefunga na kufuli kubwa. Amechukua begi, amepanda bajaji, anasema anahamia Juani kwa dada yake. Alinibusu hapa."

Na boti za Juani huondokea Utende, maji yakiwa yameruhusu.

"Ingieni," alisema Isdory.

Gari lilikwenda barabara ya Utende jepesi kama siku lilipofika, na hakuna hata mmoja wao aliyefurahia wepesi huo. Walipofika ufukweni abiria walikuwa wanapanda. Bi Mwanahalima alikuwa tayari amekaa ndani, begi miguuni, uso ameuelekeza upande wa bahari.

Cresensia aliingia majini na nguo zake. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, akashika ubavu wa boti.

"Bi," alisema. "Shikamoo."

Abiria wakatazamana. Kisha, kwa kuwa malezi ni malezi, mama yule akajibu, "Marahaba."

Cresensia angeweza kuzungumza kwa kunong'ona, lakini alipomtukana hakunong'ona. Akapaza sauti. "Watu wote nisikilizeni. Mimi ndiye niliyemwita mama huyu mchawi mbele ya mtaa. Nilimsingizia. Gari letu liliharibiwa na gunia la mume wangu na ujinga wetu wa vitufe. Mama huyu hakufanya lolote ila wema. Nimekosa, Bi. Nimekukosea wewe na Mungu."

Isdory naye alikuwa ameingia majini na viatu. "Na mimi nilinyamaza, Bi. Nisamehe."

Bi Mwanahalima alimgeukia Cresensia. Macho yalimjaa maji.

"Mwanangu," alisema, "habari ya gari haikuniuma. Gari ni bati. Iliniuma uliponipokonya mtoto mkononi. Nimezaa, nimezika, sijawahi kupokonywa mtoto."

Cresensia alilia, paji la uso akaliegemeza kwenye ubao wa boti. Mkono wa mama yule ukaja, ukamshika kichwani.

"Nimekusamehe. Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Lakini nakwenda Juani. Dada ameshapika ananisubiri, na mimi moyo wangu unataka kupumzika. Ukitaka nirudi, kawaambie hayo uliyoyasema hapa wale walioyasikia yale mengine. Nikisikia huko kwamba umewaambia, nitarudi."

Boti ikaondoka.

Cresensia alifanya kazi aliyopewa. Alianza na Devotha, ambaye kwanza alibisha, kisha akakasirika, na baadaye sana akakubali kwa nusu mdomo. Alikwenda sokoni, akazungumza na wauza samaki mmoja mmoja. Alisimama kwenye jumuiya ya kanisa lake akasema bila kujipamba. Kwenye foleni ya kliniki aliwaambia akina mama. Aliwatafuta wale vijana waliosukuma gari. Wengi walimsikiliza, baadhi wakaona aibu kwa niaba yake, na wachache wakasema, "Haya, lakini moto hauwaki bure," naye akawajibu kwamba moto ule aliuwasha yeye. Yule mama wa mkeka wa harusi akaagiza upya, tena miwili.

Bi Mwanahalima alirudi siku ya Ijumaa, bila kumwambia mtu. Tumaini ndiye aliyemwona kwanza, akapiga kelele iliyowatoa watu majumbani. Cresensia alipokuja kumlaki kwa haya, akisimama mbali kidogo, mama yule alimtandikia mkeka barazani, mahali panapoonekana na kila apitaye, akaleta sahani ya wali na kitoweo cha pweza.

"Kaa hapa ule," alisema. "Ule polepole, watu wakuone."

Akala polepole. Waliopita waliwaamkia wote wawili, na kabla ya swala ya alasiri baraza ilikuwa imejaa wanawake, wanazungumza habari za harusi inayokuja. Mpaka sasa nyumba zile mbili zinaishi kama zamani. Wapo wateja wawili watatu ambao hawakurudi tena kununua vitumbua, na Cresensia anawajua kwa majina. Kila akikutana nao huanza upya kuwaeleza.

Funzo la habari hii

Jamani, tujifunze kutafuta chanzo kabla ya kutafuta mtu wa kulaumu. Gari likiguna asubuhi, jiulize limeanza lini, siku hiyo ulifanya nini nalo, umeacha nini kikiwaka. Tazama vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota kutu, pima altaneta, na usilipeleke hatua mbili tatu kila siku ukategemea betri ijae yenyewe. Vitufe vya gari lako vijue kabla hujavibonyeza. Kuuliza fundi, au kumwomba anayejua lugha akusomee, hakumpunguzii mtu heshima.

Na wewe unayesikia mwenzako anamdhania jirani ubaya bila ushahidi, usikae kimya kama Isdory. Kimya chako kinasikika kama ndiyo. Kumwita mtu mchawi si maneno ya hasira yanayopita, maana wapo waliofukuzwa na kupigwa, na wengine wamepoteza uhai kwa neno hilo moja, nao hawakuwa na kosa.

Ukigundua umemsingizia mtu, toba yako iwe na sauti ileile ya tusi lako, na ifike kotekote tusi lilikofika. Usingoje siku njema wala maneno mazuri. Nenda leo. Gari likigoma, nenda kwa miguu.